Spika Tano na Watu Wasiosalimia

Nimekabidhi funguo za karakana kwa vijana wangu wa kazi, Rehema na Daudi, nikatembea hadi nyumbani bila begi la vifaa. Bega la kulia lilikuwa linapanda lenyewe, kama mizani iliyoondolewa gunia. Mke wangu aliponiona mlangoni akauliza nani kaniibia. Nikamwambia nimestaafu. Akanitazama, akasema basi nianze na ile taa ya jikoni ambayo nimekuwa nikiahidi kuitengeneza tangu watoto wakiwa wadogo.

Nimeacha kazi kwa sababu ya masikio. Kichwa bado kinanitosha kwa matumizi ya kawaida, ila sauti nyembamba zimeniaga moja baada ya nyingine bila sherehe. Rehema alikuwa akisema, "Mzee, hiyo spika ndogo inakwaruza," na mimi nasikia amani tupu. Fundi wa sauti asiyesikia sauti nyembamba ni kama mpishi asiyeonja chumvi. Anaweza kuendelea kupika, lakini wanaokula wataanza kutazamana. Nilipoamua kuacha nilidhani nitahuzunika. Badala yake nililala mchana, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi yangu.

Kabla sijaondoka Rehema aliniomba niandike. "Andika zile modi za risiva, Mzee Kitundu. Wateja wanauliza, na sisi tunabonyeza tu mpaka wanyamaze." Ni njia nzuri, nami niliitumia miaka mingi. Lakini ziko sababu za kwenda mbele zaidi ya hapo, na moja yake ni mama mmoja wa Mwankoko. Nitamfikia kwa utaratibu.

Niliingia kazini kwa mlango wa nyuma. Nilirudi Singida na shahada ya sosholojia, nikiwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu uhusiano wa mwananchi wa kijijini na teknolojia, wakati mwenyewe sijui kumenya waya. Kazi za shahada hazikuwa zikinisubiri kituo cha mabasi. Mjomba wangu, aliyechoka kunilisha, akanipeleka kwa Fundi Mkumbo, mtengeneza redio jirani na soko.

"Chuo ulisomea nini?" Mkumbo akauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyoifungua tumbo.

"Jamii, Mzee."

"Imeharibika wapi?"

Swali hilo nalitafutia jibu mpaka leo. Siku hiyo nilipewa kazi ya kushika tochi. Nilishika vibaya, nikawa namulika kisogo chake badala ya kazi, mpaka akasema kisogo chake hakina hitilafu.

Vijana wangu, msidhani nitamgeuza Mkumbo kuwa mtume. Alikuwa na makosa mengi na aliyatetea yote. Aliamini redio ikigoma hupigwa kofi, na ikigoma tena hupigwa upande wa pili ili isione imeonewa. Aliamini umeme wa Singida una vumbi kwa sababu ya upepo wetu. Lakini alinipa vitu viwili ambavyo vimenilisha. Cha kwanza ni betri ndogo, ya rimoti tu, yenye vipande viwili vya waya. Ukiigusisha kwenye waya wa spika, spika inajibu "tap". Ikijibu, ni nzima, na sasa unajua waya huo unakwenda wapi. Nimewahi kununua mita za kila aina, lakini betri hiyo haijawahi kulala nyumbani. Cha pili ni swali. Mkumbo hakumuuliza mteja kitu chake kimeharibika nini. "Hajui," alisema, "ndiyo maana amekuja." Aliuliza hivi: inafanya nini, na ilianza lini?

Zama za kaseti zikapita, zikaja deki za video, zikaja DVD. Halafu ndugu waliokuwa mbali wakaanza kutuma nyumbani zile seti za sinema: risiva nzito kama jiwe la kusagia, spika ndogo tano na sabufa moja. Nikisema risiva sisemi king'amuzi cha televisheni. Nasema lile kasha linalopokea sauti, likaikuza, na kuamua kila spika iseme nini. Hapo kwenye kuamua ndipo palipo na modi, yaani namna za kuzigawia spika sauti, na ndipo watu wazima wenye akili zao hukaa kitandani na rimoti, wakibonyeza kama wanaopigia simu mtu asiyepokea.

Mimi huwaeleza wateja hivi. Spika ya katikati ni mdomo, kwa sababu maneno ya watu hupelekwa huko. Za mbele, kushoto na kulia, ni mikono, zinashika muziki na mambo makubwa. Za nyuma ni kisogo: mvua, upepo, nyayo za mtu anayekuvizia. Sabufa ni tumbo, linanguruma likishiba. Mtengenezaji alitaka viungo hivyo vyote vikae kwenye sebule moja, mdomo chini ya televisheni, na wewe ukae katikati.

Modi ya stereo huamsha mikono miwili tu, na tumbo. Viungo vingine vinalala. Modi ya sinema, au ile inayojichagulia yenyewe, hutazama sauti inayofanana kushoto na kulia, ikasema, "Huyu ni mtu anaongea," ikampeleka kwenye spika ya katikati. Modi ya ukumbi huongeza mwangwi. Msomaji wa habari anasikika kama yuko ndani ya tangi la maji. Nilikuwa na mteja, mzee wa kanisa, aliyeipenda sana modi hiyo. Alisema inamfanya hata mtabiri wa hali ya hewa asikike ametubu. Halafu iko stereo ya spika zote, ambapo kila spika inasema kila kitu, sawa kwa sawa.

Hii ya mwisho niliidharau. Mwenye baa mmoja pale Misigiri alinunua seti ya spika tano, nikamfungia vizuri kwa modi ya sinema, mdomo mbele, kisogo nyuma, kama kitabu kilivyosema. Siku ya pili akanipigia simu nirudi. Wateja wa meza za nyuma walikuwa wameandamana, kama watu wanne waliokwishakunywa wanavyoweza kuandamana.

"Fundi, sisi huku nyuma tunapewa nyenje tu," mmoja akaniambia. "Wa mbele wanasikia mpaka mtu anavyoomba msamaha. Kwani bia yetu ni ya maji?"

Nilijaribu kumweleza nia ya mtengenezaji. Akaniambia mtengenezaji aje akae meza ya nyuma. Nikaweka stereo ya spika zote, nikaondoka nikiona nimeshusha hadhi ya taaluma. Wakati huo bado nilidhani taaluma yangu ina hadhi ya kushushwa.

Sasa Mwankoko.

Elia Ntandu alikuja karakana Alhamisi moja ya miaka ile, uso umelegea. Ni mkulima wa alizeti, mtu wa maneno machache. Alisema risiva yake imeanza kuugua: muziki mzima, ila watu wakiongea kwenye televisheni wanasikika wako mbali, kama wamefunikwa. Alitaka itengenezwe kabla ya Jumamosi, maana kutakuwa na maombi nyumbani na wangependa kupiga nyimbo.

"Maombi ya heri?" nikauliza.

"Ya mama," akasema. "Tunamwombea, halafu Jumapili dada anamchukua Dodoma akakae naye. Mama anasikia watu."

"Watu gani?"

"Chumbani kwake. Wanaongea." Akageuza uso kuelekea barabarani. "Kumbukumbu zinamtoka, Fundi. Hataki kuondoka. Baba amezikwa pale pale, nyuma ya nyumba. Lakini tumekaa kikao, tumeshaamua."

Nilichukua begi, tukaenda.

Mama mwenyewe tulimkuta uani akichambua mlenda, mgongo umenyooka. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kwa Kinyaturu habari za nilikotoka; nikajibu kwa Kinyiramba; tukakutana kwenye Kiswahili.

"Mnyiramba tangu lini akajua mashine?" akasema.

"Tangu Wanyaturu walipoanza kuziharibu, mama."

Akacheka vizuri, kicheko cha mtu ambaye akili zake ziko nyumbani. Nikamwona Elia akiinamisha macho, kama mtu anayeona kitu ambacho siku ya Jumapili hakitakuwepo.

Sebuleni nikakuta spika mbili tu, kushoto na kulia ya televisheni, na sabufa pembeni. Nikamuuliza Elia tatu nyingine ziko wapi.

"Hizo zilikufa zamani," akasema. "Dada alipotuletea nilizigawa. Moja jikoni, moja kwa watoto, moja kwa mama. Nilipitisha waya darini mwenyewe. Siku ya kwanza hazikusema, hazijasema tena."

"Kwa nini ulizigawa?"

Akashangaa kuulizwa. "Zilikuwa tano, Fundi. Ningeweka zote sebuleni, nile peke yangu? Hata mbuzi akichinjwa, mama ana kipande chake, jikoni wana chao, watoto wana chao."

Hii, vijana wangu, haimo kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Wale waliotengeneza seti hawakuwahi kufikiri kwamba kuna nchi ambapo spika tano zitagawanywa kama nyama. Elia aliiacha risiva kwenye stereo, kwa hiyo zile tatu zililala tangu siku ya kwanza, na familia ikazitangaza marehemu. Ile ya mama ilifunikwa kwa mablanketi juu ya kabati.

Hapo nilikuwa nimekwishaanza kuwasha na kuzima vitu, na ningeendelea hivyo mpaka jioni. Lakini mama akaingia akitafuta miwani yake, akakaa kwenye kochi kupumzika. Sijui ni adabu au ni mazoea ya Mkumbo, nikamuuliza kama ninavyomuuliza mteja yeyote.

"Mama, hao watu wa chumbani kwako, wanafanya nini? Na walianza lini?"

Elia akakohoa. Ni kikohozi cha kuniambia ninyamaze. Mama akanigeukia.

"Hakuna aliyeniuliza hivyo," akasema. "Huyu na dada yake wanauliza kama nimekula, kama nimelala, leo siku gani. Leo Alhamisi. Walikuja na umeme. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo mpaka taa ya uani ikapasuka. Mchana ule ule wakaanza."

"Wanasema nini?"

"Mambo yao. Wanaingia bila hodi. Nawasalimia, hawaitiki. Watu wazima! Kuna binti mmoja, Mungu amsaidie, ana mimba, na mama mkwe hamtaki kwa sababu baba yake alikuwa dereva wao. Huyo mama mkwe ana roho mbaya, na ana hela. Mwanaume mwenyewe kila siku anasema 'nitamwambia mama', hasemi. Juzi binti kalia mpaka na mimi nikalia."

Mkwe wake, Mama Neema, mke wa Elia, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Birika likainama, chai ikaanza kumwagika sakafuni, naye haoni.

"Mama!" akasema. "Huyo si yule wa tamthilia? Ya saa za mchana! Ile yenye nyumba kubwa!"

"Nyumba kubwa sijaiona," mama akasema. "Mimi nasikia tu."

Elia akasema taratibu, "Lakini tulikwenda kusikiliza. Mimi na dada. Mara nyingi. Tumekaa chumbani pale, hakuna sauti."

"Mlikwenda saa ngapi?" nikauliza.

"Jioni, nikitoka shamba. Wakati wa habari."

"Na mlifanya nini kabla ya kusikiliza?"

Mama Neema ndiye aliyejibu, sauti imekuwa ndogo. "Tulizima televisheni. Ili pawe kimya."

Nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu, na sijawahi kuona familia nzima ikiganda namna ile. Walikuwa wanazima mdomo, halafu wanakwenda kusikiliza kama unaongea. Na mchana, aliyepita karibu na chumba cha mama akasikia maneno, alidhani ni televisheni, na kweli ilikuwa televisheni.

Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha, kwa sababu matumaini bila kipimo ni ukatili. Nikamwomba mama aende akakae kitandani kwake, mlango wazi. Nikavuta risiva, nikachomoa waya wa spika ya katikati, nikatoa betri ya Mkumbo. Nikazifuta ncha za waya kwa shati, mara mbili. Sikuwa makini vile hata nikitetea tasnifu yangu, ingawa hapo sababu ni kwamba sikuwa na cha kutetea. Nikagusisha.

"Huyo!" mama akapiga kelele kutoka chumbani. "Huyo yuko juu ya kabati! Leo amebisha hodi!"

Elia akakimbia. Nikasikia mablanketi yakianguka. Nikagusisha tena, na tena, na kila mara mama akisema "Huyo!" kama anayemwonyesha mtu kuku aliyejificha. Elia akarudi sebuleni ameshika kile kispika mikononi, waya unamfuata. Akakiweka mezani, akatoka nje, akasimama upande ule wa nyumba alikolala baba yake. Tuliona mabega yake yakienda juu na chini. Mama Neema akaanza kudeki chai iliyomwagika, akicheka na kufuta macho kwa kanga ile ile.

Hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo. Ndani ya risiva kuna kapasita inayotunza mipangilio umeme ukikatika. Ile ilikuwa imechoka, na umeme uliporudi kwa kishindo ikafa kabisa. Mashine ikasahau kwamba iliambiwa stereo, ikarudi kwenye modi yake ya kiwandani, ile inayojichagulia. Ikayachukua maneno yote ya televisheni, ikayapeleka kwenye spika ya katikati, yaani ile ya chumbani kwa mama, kama ilivyofundishwa. Ndiyo maana sebuleni watu walisikika wamefunikwa: walichosikia ni vispika dhaifu vya televisheni yenyewe. Kwa ufupi, katika nyumba ile aliyekuwa amepoteza kumbukumbu ni risiva.

Elia alipoingia tena alipiga simu Dodoma. Upande wa pili nilisikia dada yake akiuliza jambo lile lile mara kadhaa, kisha akapiga kigelegele kilichofanya Elia atenge simu na sikio. Masikio yangu ya leo yasingekisikia. Yale ya wakati ule yalikisikia vizuri, namshukuru Mungu.

Nikabadilisha kapasita, kisha nikatangaza uamuzi wa kitaalamu. Spika ya katikati irudi sebuleni, chini ya televisheni, mahali pake.

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Ndiyo sheria yake, mama. Mdomo ukae chini ya uso."

"Mlinipa kipande changu," akasema. "Tangu lini mtu akapewa kipande, halafu kikaombwa kirudi sufuriani?"

Nikamtazama Elia anisaidie. Elia akatazama dari. Aliyetoka kuponea chupuchupu kumfukuza mama yake nyumbani hawezi kumnyang'anya spika siku hiyo hiyo.

"Na yule binti wa mimba?" mama akaendelea. "Nitajuaje kama yule mwanaume alisema?"

Nikafikiri kuhusu mtengenezaji na nia yake. Nikawafikiria wale wa meza za nyuma. Halafu nikachukua rimoti, nikabonyeza stereo ya spika zote. Jikoni pakaitika. Chumba cha watoto kikaitika. Kutoka chini ya vumbi la miaka, marehemu wote watatu wakaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja kipande chake, sawa kwa sawa. Hakuna kitabu kitakachonisifu kwa hilo. Lakini nawaambia ninyi mnaobaki: modi sahihi si ile iliyo bora. Ni ile inayofanana na namna watu wa nyumba hiyo wanavyogawana.

Kwa hiyo msibonyeze tu mpaka wateja wanyamaze. Tembeeni nyumba nzima kwanza. Hesabuni spika, muulize kila moja iko kwa nani, na yule anayesemekana amechanganyikiwa aulizwe wa kwanza.

Maombi ya Jumamosi yalifanyika, kwa sababu mbuzi alikuwa amekwishapatikana na mchungaji amekwishaalikwa. Yaligeuzwa tu kuwa ya shukrani. Dada alikuja kutoka Dodoma na begi tupu alilokuwa ameliandaa kwa nguo za mama, akarudi nalo limejaa unga na alizeti. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile ya Alhamisi. Nilikuwa nafunga begi, jua limeshuka, na mama amerudi chumbani kwake na kispika chake, safari hii kimekaa juu ya kabati bila blanketi. Ilikuwa saa ya habari, saa ambayo siku zote walikuwa wakizima.

Elia hakuzima. Muziki wa kuanzia ukapigwa, ukanyamaza, na msomaji wa habari akasema nyumba nzima, jikoni, kwa watoto na chumbani: "Mtazamaji, habari za jioni."

Tukamsikia mama akiitikia kwa sauti, bila haraka, kama anayemfungulia mgeni mlango.

"Nzuri, mwanangu. Karibu." Kisha akatuita. "Elia! Njoo usikie. Leo wamesalimia."